Tuisheni ya kaka au ya dadake? Naomba ushauri, niko Lamu

mama_langoni: Assalam aleikum wanajukwaa. Mume wangu ni mvuvi na kusi, upepo wa msimu huu, imekaza, siku nyingi anarudi na kitoweo tu. Pesa ya tuisheni iliyopo ni ya mtoto mmoja, 1,500 kwa mwezi. Mvulana yuko Gredi 9. Dadake yuko Gredi 4 na kusoma hajui. Jana nimefunika picha ya mashua kwa kiganja nikamwambia asome neno lililo chini yake, akabaki kunitazama. Nyumbani wote wanasema nimlipie mwenye mtihani. Moyo wangu umekataa. Nyinyi mngemlipia nani?

pwani_kwetu: Kijana. KJSEA, mtihani wake wa Gredi 9, ni asilimia 60 ya alama zinazompangia sekondari ya juu. KPSEA ya Gredi 6 ni 20, na kazi za Gredi 7 na 8 ni 20, hizo zishapita. Msichana bado ana muda.

mwalimu_mstaafu: Hilo la "bado ana muda" ndilo lililowapoteza wanafunzi wangu wengi. Kuanzia Gredi 4 sayansi ni kusoma, hesabu za mafumbo ni kusoma. Asiyejua herufi, kila somo linampita, na mwakani linampita zaidi. Shilingi ya kaka itafanya kazi miezi michache. Ya binti itamfaa kila mwaka uliobaki wa shule.

Ila mwanangu, usimlipie wa kumrudishia masomo ya Gredi 4. Watafiti Duflo, Dupas na Kremer walifuatilia shule 121 magharibi mwa Kenya kuanzia 2005. Watoto wa darasa la kwanza walipogawanywa kwa kiwango, wa chini na wa juu wote walipanda, na maelezo yao ni kwamba mwalimu aliweza kufundisha pale mtoto alipo. Binti yako yuko kwenye ba, be, bi. Aanzie hapo, nusu saa kila siku akitoka chuoni, yaani madrasa.

binti_shela: Naunga mkono mwalimu. Na dada, shule ikikudai pesa za tuisheni ya likizo usitoe, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza, kifungu cha 37.

mama_langoni: Ahsanteni sana. Kusi ikilegea Septemba, naweza kumwongezea kijana hisabati pekee?

mwalimu_mstaafu: Vizuri. Kwanza mwombe mwalimu wake karatasi za muhula uliopita, uone ni mada zipi zinamwangusha. Lipia hizo tu.