Mrejesho: kupima klopirifosi majini kwa mfumo wa mtiririko

Asanteni wakuu. Swali lilikuwa hili: maji yaliyotiwa klopirifosi (dawa ya kuua wadudu) kwa makusudi hayakuonyesha uzuiaji wowote kwenye safu ya asetilikolinesterasi (mrija uliojazwa kimeng'enya ambacho sumu hiyo hukizuia), na mstari wa msingi (usomaji wa kifaa pasipo sampuli) ulikuwa unapanda taratibu.

La kwanza ndilo zito. Klopirifosi yenyewe huzuia kimeng'enya kwa udhaifu mno. Inayouma ni oksoni yake, yaani umbo lake lililooksidishwa. Sampuli sasa inaoksidishwa kwanza kwa N-bromosaksinimidi, kisha ziada yake inamalizwa kwa asidi askobiki ndipo iingizwe. Hatua hiyo ya pili msiiruke hata kidogo: kioksidishaji kikibaki huharibu kimeng'enya, na maji safi yatasomeka kama yana sumu. Maji matupu ya kulinganishia nayo yapite hatua zilezile.

Pampu inasimamishwa dakika 10 sampuli ikiwa ndani ya safu, halafu asetilithiokolini (ambayo kimeng'enya huivunja) na DTNB (inayotoa rangi ya njano kutokana na kilichovunjwa) vinafuata, unasoma rangi hiyo kwenye nm 412. Uzuiaji kwa asilimia = (kilele cha usomaji kabla ya sampuli − kilele cha baada) ÷ kilele cha kabla × 100.

Kuhusu mstari kupanda: asetilithiokolini hujivunja yenyewe pH ikiwa juu. Iyeyushwe kwenye maji siku hiyohiyo, ikutane na bafa (kimiminika cha kushikilia pH) ya fosfati ya pH 8 ndani ya mrija tu. DTNB ikae gizani.

Kwa wenye maji ya mabomba ya shaba: shaba nayo huzuia kimeng'enya, kwa hiyo tieni EDTA (kemikali inayoshika metali) kidogo kwenye sampuli kabla ya kuamini uzuiaji mdogo.