Tupeane uzoefu: kukamata na kurekebisha kasoro kwenye programu huria za hisabati

Wakuu, habari za kazi. Tunaotumia NumPy, SymPy, SageMath, Maxima au PARI/GP, tusimuliane kasoro tulizokutana nazo na zilivyokamatwa. Programu ikianguka utajua. Ninazoziogopa ni zile zinazokupa jibu potofu kimyakimya.

Naanza. Mwanafunzi mmoja aliniletea jedwali la faktoria (n! ni zao la namba zote kuanzia 1 hadi n) alilokokotoa kwa NumPy kwenye Windows. Hadi 12! safi, lakini 13! ikawa 1932053504 badala ya 6227020800. Kwenye Linux kodi ileile ilitoa jibu sahihi. Kumbe kwenye Windows namba kamili za NumPy zilikuwa za biti 32, mwisho wake 2147483647. Ukipita hapo namba inajizungusha: toa 4294967296 kwenye jibu sahihi utaipata ile ya mwanafunzi. Hatari ni kwamba jibu ni chanya, wala halitishi macho. Toleo la 2.0 la mwaka 2024 limehamia biti 64, ila hata humo 21! inatoka hasi.

Mchangiaji wa 2: Shukrani mkuu. Kwangu ilikuwa integrali iliyokuwa sawa kwenye toleo la zamani, ikaharibika kwenye jipya. Nikaipunguza hadi mstari mmoja, nikatumia git bisect, amri ya Git ya kutafuta badiliko la kodi lililoleta kasoro. Inagawa historia nusu kwa nusu, kwa hiyo hata mabadiliko 1000 yanahitaji majaribio kama 10 tu kumpata mkosaji. Wasimamizi hawakupokea marekebisho mpaka nilipoongeza jaribio la kuzuia kasoro isirudi. Walifanya vyema kabisa.

Mchangiaji wa 3: Kabla ya kuripoti, hakikisheni ni kasoro kweli. Wengi hulalamika SymPy haigeuzi sqrt(x**2), yaani kipeuo cha pili cha x mara x, kuwa x. Iko sahihi: x ikiwa -3, jibu ni 3. Itangazie x ni chanya, itarahisisha.

Mchangiaji wa 4: Mwaka 2014 wanahisabati watatu walieleza kwenye Notices of the AMS, jarida la Chama cha Hisabati cha Marekani, jinsi programu ya kibiashara ya Mathematica ilivyokosea determinanti za matriksi zenye namba kamili kubwa, matriksi ileile ilitoa majibu tofauti. Kodi yake imefungwa, hawakuweza kuchungulia ndani. Kwenye huria unaweza.

Mchangiaji wa 2: Kweli. Ila ukihakiki jibu la SageMath kwa PARI/GP, soma kwanza kodi ya kazi hiyo. SageMath huita PARI na FLINT (maktaba nyingine ya hisabati) kwa ndani, unaweza kuwa unalinganisha kitu na chenyewe.