Gumzo la familia ya Lubumbashi: motoka inayokataa kukata kona

Kapenda: Habari za jioni, wazazi na ndugu zangu. Nimeunganisha chasi ya motoka ya kuchezea kwa vile vipande vya Technic, yaani plastiki za LEGO za kuunda mashine, vilivyokuja katika mfuko wa mitumba. Ikienda mbele haina shida yoyote, lakini nikiikatisha kona kwenye sakafu gurudumu moja la nyuma linaburuzika, na mara nyingine ekseli, ile fito inayobeba magurudumu, inachomoka kwenye giya, lile gurudumu la meno. Je, nitafute ekseli nyingine?

Baba Mkubwa: Mwanangu, ekseli haina kosa. Kwenye kona gurudumu la nje hutembea njia ndefu kuliko la ndani, na wewe umeyafunga yote mawili kwenye ekseli moja, kwa hiyo ni lazima moja liteleze. Katika kamioni tunazozifungua hapa gereji, kazi ya kuyaachanisha magurudumu hufanywa na diferensieli iliyomo ndani ya ponti, lile kasha la chuma katikati ya ekseli ya nyuma. Chambua mfuko wako utafute kipande cha mviringo, chenye uwazi katikati na meno pembeni. Ndani yake hukaa giya ndogo tatu za meno ya mshazari: mbili hushika ekseli ya kushoto na ya kulia, na ya tatu hukaa katikati yao. Motoka ikinyooka, zote huzunguka pamoja na kipande chenyewe kana kwamba zimegandishwa. Ikikata kona, ile ya katikati huanza kujizungusha, na upande mmoja huongeza mwendo kwa kiasi kilekile ambacho mwingine unapunguza.

Yaya (ndugu mkubwa) Mwamba: Baba Mkubwa amesema kweli, na hata wenye kiwanda walipita njia hiyohiyo. LEGO ilipotoa masanduku ya kwanza ya aina hii mwaka 1977, chasi namba 853 ilikuwa na pistoni nne zinazopanda na kushuka pamoja na giaboksi ya mwendo wa aina mbili, lakini diferensieli haikuwamo. Ilikuja mwaka 1980 katika chasi namba 8860. Kapenda, ukikipata kipande hicho, kagua kwanza zile giya tatu kwenye mwanga, kwa sababu katika mitumba ndizo zinazopasuka.

Mama Kapenda: Ninawashukuru kwa maelezo. Sasa mniambie jambo moja kabla sijafungua pochi: mtoto huyu ameniomba lile sanduku kubwa la mashine ya kuchimba, akisema linafanana na zile za migodini Kolwezi. Je, linastahili fedha hizo?

Yaya Mwamba: Mama, anasema lile la Liebherr R 9800 la mwaka 2019, lenye vipande 4,108 na mota saba. Mashine ya kweli ina uzito wa takriban tani 800, na kwa kulitazama, sanduku hilo ni zuri mno. Hata hivyo mimi sikulinunua, kwa sababu linaendeshwa kwa programu ya simu peke yake na linakula betri 12. Siku programu hiyo itakapokataa kufunguka kwenye simu mpya, mkono wa mashine utabaki umesimama kama sanamu kabatini. Ningependelea lile lori la Unimog la mwaka 2011, lenye vipande 2,048, ambalo mkono wake husukumwa na hewa kupitia mirija na silinda, hivyo kila hatua ya nguvu unaiona kwa macho. Mimi hukusanya kazi zinazotendeka, sikusanyi masanduku.

Kapenda: Nimekuelewa, Yaya, lakini mkono ninaoutaka ni wa kunyanyua mzigo. Niliujaribu kwa giya za kawaida, na nikiachia mpini mzigo unashuka wenyewe.

Baba Mkubwa: Tia ile giya iliyosokotwa kama skrubu iendeshe giya ya meno 24. Utazungusha mpini mara 24 ili giya hiyo izunguke mara moja, jambo ambalo litakuchosha, ila mzigo hautaweza kuirudisha nyuma hata ukienda kula.

Shangazi Odile: Samahani kwa kuchelewa, umeme ulikuwa umekatika huku Katuba. Ninalo sanduku la Meccano la marehemu baba, lile la kuunda mashine za kuchezea kwa vipande vya chuma na bulonge, yaani bolti. Je, linaweza kuchanganywa na vipande vya Kapenda?

Yaya Mwamba: Kwa shida, Shangazi. Frank Hornby wa Liverpool aliusajili ubunifu huo mwaka 1901, na matundu yake yameachana nusu inchi, yaani milimita 12.7, ilhali ya Technic yameachana milimita 8, kwa hiyo hayalingani. Lakini peke yake litajenga kreni imara kuliko plastiki yoyote.

Kapenda: Nimeipata diferensieli, na giya zote tatu ni nzima! Kona inakatwa bila kelele. Ila nikiinua gurudumu moja, hilo linazunguka bure na lililo chini halisukumi.

Baba Mkubwa: Ndivyo kamioni inavyokwama katika matope ya masika, na ndiyo maana dereva huifunga diferensieli. Tafuta namna ya kuishikamanisha ekseli moja na kile kipande cha mviringo kwa pete inayoteleza, halafu utuonyeshe picha.

Shangazi Odile: Basi Meccano njoo uichukue Jumamosi, na uje na begi la nguvu, kwani ni chuma kitupu.