Tupeane uzoefu: Ulikutana na nini ulipopanda Kitulo, Rungwe na milima jirani?

Msafiri wa Chimala

Wakuu, salaam. Tukizungumzia wanyama na mandhari ya nchi yetu, tunaishia kwa simba wa Serengeti na tembo wa Ruaha. Nawapenda wote hao. Ila leo naomba tupande juu kidogo, Nyanda za Juu Kusini, kwenye vilima ambavyo gari la watalii hupita mara chache. Naanza na yangu.

Nilipanda Kitulo mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea, kwa njia ya Chimala. Barabara ile inaitwa Hamsini na Saba, na ndiyo idadi ya kona zake. Chini unaacha joto la Usangu na mashamba ya mpunga, kila kona inakupunguzia joto kidogo, na kufika Matamba kila abiria ameshavaa koti. Baada ya hapo uwanda ukafunguka. Ni takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, nyasi tupu hadi upeo wa macho, miti ni ya kutafuta.

Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Nilidhani ni kusifia kwao tu. Kumbe maua yalikuwa yametandazwa mpaka nikawa naona vibaya kukanyaga: ya njano, ya zambarau, na yale mekundu yaliyosimama kama mienge. Mwongozaji wetu hakutaka nitazame kwa mbali. Alipiga magoti kwenye nyasi zilizolowa, akaniambia nami nipige. Pale chini kulikuwa na okidi, kila ua dogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho, lina mdomo, lina mabaka, limekamilika. Hifadhi hii ina aina 45 hivi za okidi, na mimea kwa jumla inafika aina 350. Ndiyo iliyofanya patangazwe hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Tulipoinuka, ukungu ulikuwa umetufunika. Ndani yake alikuwa akitembea tandawala, ndege mrefu mwenye shingo ya rangi ya kutu nyuma, hatua moja moja, kama mzee anayekagua shamba. Hatukusema neno hadi alipopotea.

Nanyi mlikutana na nini?

Mwana wa Tukuyu

Mkuu umenigusa. Yangu ni ya kipunji.

Marehemu baba alikuwa akiingia msitu wa Rungwe kutafuta mianzi na asali. Sisi watoto alikuwa akituigizia mlio wa nyani mmoja wa huko juu. Mbega tulimjua, kima tulimjua, huyu sauti yake ilikuwa nyingine: kubweka kunakotoka puani, kunashuka halafu kunapanda. Alimwita kipunji. Wazee wengine walimtaja pia, lakini kwa vile hatukuwahi kumwona, tulimweka pamoja na viumbe wa hadithi za usiku.

Watafiti walisikia habari hizo hizo kwa wawindaji wa Kinyakyusa, wakamtafuta, na mwaka 2003 wakamwona Rungwe. Mwaka 2004 akaonekana Ndundulu kule Udzungwa, mamia ya kilomita kutoka hapa. Dunia ikatangaziwa 2005. Mwaka uliofuata ikathibitika kuwa hata ukoo wake, yaani jenasi, ni wa peke yake, akapewa jina la kisayansi lenye Rungwe ndani yake: *Rungwecebus*. Tangu 1923 haikuwa imepatikana jenasi mpya ya nyani Afrika. Baba aliposikia habari ile redioni aliniangalia akasema, "Basi wamemfikia." Akaendelea kunywa chai.

Mimi nilimwona miaka mingi baadaye, nikiwa na mwongozaji. Tulikaa tangu alfajiri chini ya miti iliyovaa kuvumwani, baridi imeingia hadi mifupani. Kwanza tukasikia mlio. Ulikuwa ule ule wa baba, nikashindwa kujizuia machozi. Kisha matawi yakatikisika na kundi likapita: manyoya marefu ya kahawia, uso mweusi, nywele za utosini zimesimama, ncha ya mkia nyeupe. Mmoja akasimama kututazama, labda kwa muda wa kuhesabu kumi.

Hesabu iliyofanywa miaka ile ilipata kama 1,100 tu duniani kote. Watu wa sehemu hizo, tafadhali tegeni mitego mbali na msitu.

Mama Matamba

Wanangu, hamjambo nyote. Huyu wa kwanza ameyapigia magoti maua, mimi niliyapigia magoti kwa jembe.

Nilichimba chikanda. Wasiojua, ni viazi vya okidi. Zambia wanavitwanga na karanga, wanapika mkate wake, wanapenda sana. Wanunuzi walikuja hadi vijijini, mzigo unapelekwa Tunduma na kuvuka. Nilikuwa na watoto wanne na mume mgonjwa. Shamba la viazi mviringo likipigwa na sakitu mwezi wa sita, hakuna kingine. Nasema haya bila kuficha.

Ukichimbua okidi unakuta vipande viwili. Kimoja kimesinyaa, hicho ni cha mwaka jana, kimeshalilisha ua. Cha pili kimejaa, kigumu, ndicho cha mwaka ujao. Mnunuzi anataka hicho kilichojaa. Sasa fikirini wenyewe: unachukua cha kesho, unarudisha udongoni cha jana. Ua haliwezi kutoka tena.

Mwaka wa kwanza nilijaza ndoo karibu na nyumbani. Miaka iliyofuata tulitembea saa moja, baadaye saa tatu, baadaye tukawa tunalala huko huko. Siku moja nilirudi kwa njia ya kilima kilicho nyuma ya kwetu, mwezi wa maua ule, nikaona majani matupu. Nilikaa chini. Mama yangu alikuwa akinibeba mgongoni kwenye kilima kile, na mimi nikanyoosha mkono kuchuma.

Niliacha. Kwenye ukingo wa shamba langu niliacha sehemu isiyolimwa, upana wa hatua kama kumi. Ilichukua miaka. Sasa yanatoka ya rangi ya waridi, machache, nayahesabu. Mwaka jana yalikuwa kumi na tisa.

Kijana wa Isyonje

Shikamoo mama. Asante kwa kusema ukweli wako. Je, mbegu zake haziwezi kupandwa kama mazao mengine, watu wauze bila kumaliza porini?

Mama Matamba

Marahaba mwanangu. Nilijaribu, haikuota hata moja. Sijui kwa nini, mwalimu huenda anajua.

Mwalimu wa Makete

Naweza kueleza kidogo. Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula ndani kama hindi au haragwe. Inahitaji kuvu fulani waliomo udongoni waishike na kuilisha mwanzoni. Bila hao inakufa. Kwa hiyo mama, ile sehemu uliyoiacha bila kuilima ndiyo iliyofaa, maana udongo wenye kuvu wake ulibaki.

Yangu ni ya ndege. Karibu na shule niliyofundisha kulikuwa na shimo la muhanga kwenye mteremko wa nyasi. Kila msimu wa mvua mbayuwayu wa buluu walikuja kujenga humo, ukutani mwa shimo, ndani ya ardhi. Dume likigeuka juani linametameta buluu ya chuma, na mkia wake ni nyuzi mbili ndefu. Mvua zikiisha huondoka kwenda upande wa Uganda na magharibi mwa Kenya, halafu hurudi. Nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi wa darasa la nne kwa zamu, watatu watatu, walale kifudifudi mbali na shimo wasiwashtue. Hakuna somo nililofundisha lililosikilizwa kimya namna ile.

Kisha mwenye eneo akapanda misindano. Simlaumu kutafuta ada za watoto, mbao zinalipa. Lakini ndege hawa wanawinda wadudu juu ya nyasi za wazi, na msindano ukikua hakuna nyasi. Misimu miwili walikuja wakazunguka juu ya miche. Wa tatu sikuwaona.

Watu huona nyasi za kule juu wakadhani ni ardhi iliyolala bure, haijapata mti. Inaniuma sana. Nyasi zile ni makazi, na ni sifongo pia: maji yanayotoka pale yanashuka Usangu na kuingia Ruaha Mkuu.

Kijana wa Isyonje

Nimekuelewa mwalimu. Yangu ni ya kinyonga wa milima ya Poroto, dume, pembe tatu puani kama faru mdogo. Nilimkuta barabarani baada ya mvua, bodaboda zinapita. Kwetu wengi wanamwogopa, nami niliogopa. Nilimtolea kijiti akakipanda taratibu, mguu baada ya mguu, jicho moja kwangu na jingine kwenye kichaka. Nikamweka kichakani. Tangu siku hiyo huwa nasimamisha pikipiki nikiwaona.

Msafiri wa Chimala

Asanteni sana. Mwalimu, baada ya pale shuleni uliwahi kuwaona tena wale mbayuwayu?

Mwalimu wa Makete

Niliwaona mwaka juzi, jozi moja, kilima cha pili kutoka pale, ambako hakujapandwa kitu. Mwaka huu nimekwenda mara mbili, shimo lipo ila nyasi bado kavu. Nitapanda tena mvua zikianza. Mama Matamba, ukiweza tuandamane, nami nije nikusaidie kuhesabu yako.

Mama Matamba

Njoo mwezi wa pili, mwalimu. Njoo na buti.