Mjadala: Je, mchezo wa mtandaoni unaoweza kuzimwa na mwenye seva unastahili kununuliwa?

MTOA MADA

Ndugu zangu, naomba tulijadili kwa utulivu jambo ambalo mara nyingi hujibiwa kwa ushabiki. Mtu akiuliza kama mchezo fulani wa kuigiza wahusika, ule unaochezwa na maelfu ya watu kwa pamoja kupitia intaneti, unastahili kununuliwa, hupata majibu ya aina mbili: mashabiki humhimiza anunue leo hii, na waliokwisha kuuchoka humwambia kwamba mchezo umekufa. Majibu yote mawili hayamfai, kwa sababu yanausifu au kuuponda mchezo, ilhali yeye anauliza kuhusu fedha zake na jioni zake.

Msimamo wangu ni kwamba mchezo wa namna hii hupangwa, kama mtu anavyopanga chumba. Unalipa kodi, unapamba kuta, unazoeana na majirani, lakini hati ya nyumba anabaki nayo mwenye nyumba, yaani kampuni yenye seva, zile kompyuta zinazouendesha mchezo. Anayeingia akijua kwamba ni mpangaji huuliza maswali ya mpangaji: majirani ni watu gani, kodi hupandaje, na mwenye nyumba akitaka nyumba yake nitaondoka na nini. Anayeingia akidhani amenunua mali hutazama rangi ya kuta tu, kisha hulia siku anapoambiwa ahame.

Na watu wamehamishwa kweli. Mchezo wa City of Heroes ulianza mwaka 2004, seva zake zikazimwa Novemba 2012, na wachezaji waliokuwa wamewalea wahusika wao kwa miaka minane wakabaki na picha tu. Star Wars Galaxies ulifungwa Desemba 2011. WildStar, uliotoka mwaka 2014, ulifungwa mwaka 2018 bila kutimiza hata miaka mitano. Wakati huohuo Ultima Online wa mwaka 1997 na EverQuest wa mwaka 1999 bado vina wachezaji hadi sasa, kwa hiyo uzee wa mchezo haumaanishi kwamba unakufa, wala upya wake haumaanishi kwamba utadumu. Hata sheria zimeanza kulitambua jambo hili: jimbo la California nchini Marekani lilipitisha mwaka 2024 sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayomzuia muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno “nunua” bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopewa ni leseni, yaani ruhusa ya kutumia tu.

Ninachopinga zaidi ni desturi ya kununua siku ya kwanza. The Elder Scrolls Online ulitoka Aprili 2014 ukimtaka kila mchezaji, baada ya kuununua, alipe pia ada ya kila mwezi. Ilipofika Machi 2015 ada hiyo ikaacha kuwa ya lazima. Waliovumilia miezi kumi na moja waliingia katika ulimwengu uleule, uliokwisha kurekebishwa, bila kodi. Final Fantasy XIV ulitoka mwaka 2010 ukiwa na kasoro nyingi kiasi kwamba watengenezaji wake waliuzima na kuujenga upya, na ukarudi Agosti 2013 ukiwa mchezo mwingine kabisa. Katika aina hii ya michezo, aliyenunua mapema hulipia kazi ya ukaguzi ambayo ilipaswa kufanywa kabla ya mauzo.

Mimi huupima mchezo kwa majirani. Mwaka jana nilikuwa na toleo la bure la mchezo mmoja, na kwa kuwa muda wangu wa kucheza ni kuanzia saa tatu hadi saa tano usiku, niliingia saa tatu kamili, nikamsimamisha mhusika wangu kando ya kisima katika mji wa kwanza, nikakaa nusu saa nikitazama tu. Walipita wachezaji kumi na mmoja, na hakuna aliyesimama. Kisha nikauliza kwenye gumzo la wazi njia ya kufika pango fulani. Zilipita dakika nne za kimya. Ndipo mchezaji mmoja, ambaye mavazi yake yalionyesha kwamba amefika mbali sana, akageuka kutoka langoni, akanipa mkoba wa kubebea vitu, akatangulia mbele yangu akitembea polepole ilhali angeweza kukimbia, ili nisimpotee njiani. Tulipofika mlangoni mwa pango alisimama akasubiri niingie. Nililipa usiku uleule, na hadi leo sijajuta.

Naomba wenye maoni tofauti wayatoe.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mtoa mada, nakuunga mkono kuhusu majirani, ila mfano wa nyumba umeuvuta kupita kiasi. Mtu akinunua tiketi ya mpira hadai kwamba alipwe sehemu ya uwanja baada ya filimbi ya mwisho. Alilipia dakika tisini, akazipata, akarudi kwake ameridhika. Mimi nimecheza mchezo mmoja wa aina hii kwa zaidi ya saa elfu moja, ilhali mchezo wa kawaida wa mtu mmoja, wenye bei inayokaribiana, huwa nimeumaliza baada ya saa thelathini. Ukigawanya gharama kwa saa, sijui burudani nyingine inayokaribia hapo.

Pia hofu ya kufungwa hukuzwa mno. Kufungwa kwa seva si lazima kuwe mwisho. Huo mchezo wa City of Heroes ulioutaja ulifufuliwa na wachezaji wenyewe mwaka 2019 kwenye seva zao, na Januari 2024 kampuni inayoumiliki ikalikabidhi kundi moja la wachezaji hao leseni rasmi ya kuuendesha. Kuhusu kuonja kabla ya kulipa, milango siku hizi ipo wazi: EVE Online, uliotoka mwaka 2003 na kwa miaka mingi ukawa wa kulipia kila mwezi, tangu Novemba 2016 unachezwa bure, ila kwa ujuzi na vyombo vya angani vichache. Anayependezwa aonje, na akipenda alipe. Kumwogopesha mtu kwa habari za seva zilizozimwa miaka mingi iliyopita ni kumnyima furaha bila sababu.

MCHANGIAJI WA PILI

Naomba nimjibu aliyenitangulia, kwa heshima, kwa sababu hesabu yake ya saa ndiyo iliyoniponza mimi. Saa elfu moja ameziweka upande wa faida. Mimi nasema ziandikwe upande wa gharama, kwa kuwa fedha nilizolipa nimeshazirudisha kwa kufanya kazi, lakini jioni zile hazikurudi.

Nilicheza mchezo mmoja kwa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza nilicheza kwa hamu, mwaka wa pili nikaucheza kama kibarua. Mchezo ulikuwa na kazi za kila siku ambazo zikikupita leo hazifidiwi kesho, na tuzo za msimu ambazo zilitoweka baada ya majuma machache. Nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri, kabla watu wa nyumbani hawajaamka, nikae gizani mbele ya kioo nikiwaua nguruwe mwitu kumi na wawili walewale, kwenye bonde lilelile, ili safu ya alama za tiki isikatike. Siku niliyougua homa nikashindwa kuingia, nilihuzunika kama mtu aliyefukuzwa kazi. Mke wangu aliniuliza swali moja tu, akitaka kujua ni nani hasa aliyekuwa ananidai. Sikuwa na jibu, na mwezi huo sikulipa tena.

Halafu kuna duka la ndani ya mchezo, ambalo mtoa mada hakuligusa kabisa. Mchezo ulioandikwa “bure” unaweza kukugharimu kuliko wenye ada, hasa ule unaouza masanduku ya bahati, ambapo unalipa fedha halisi bila kujua utatokewa na nini. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilisema kwamba masanduku ya aina hiyo katika baadhi ya michezo maarufu yanakiuka sheria za kamari, na watengenezaji kadhaa wakayaondoa nchini humo. Kwa hiyo swali langu kwa yeyote anayetaka kununua halihusu uhai wa seva. Aulize kama mchezo huo utamwacha aondoke kwa wiki mbili na kurudi bila kuadhibiwa.

MTOA MADA

Nawashukuru wote wawili. Mchangiaji wa pili amenirekebisha, na nakubali: niliuliza mwenye nyumba anaweza kunitoa lini, nikasahau kuuliza kama ananiruhusu kutoka. Swali lake linaweza kujibiwa kabla ya kulipa, kwa kuchunguza namna vifaa vya mhusika, yaani silaha na mavazi yake, vinavyozeeka. Guild Wars 2, uliotoka Agosti 2012 bila ada ya kila mwezi, ulianza na kikomo cha ngazi ya 80, yaani ngazi ya juu kabisa ambayo mhusika anaweza kuifikia, na kikomo hicho hakijapandishwa hadi leo. Aliyetengeneza vifaa bora miaka mingi iliyopita akirudi leo atavikuta bado vinafaa. World of Warcraft, unaolipiwa kila mwezi tangu ulipotoka Novemba 2004, hufuata njia nyingine: kila toleo jipya la nyongeza huja na vifaa vinavyovipita vya zamani, hivyo aliyekosekana mwaka mmoja huanza kupanda upya. Sisemi kwamba njia ya pili ni mbaya, kwa maana wapo wanaopenda kila mtu aanze pamoja katika mstari mmoja. Nasema tu kwamba mtu mwenye kazi za zamu, au mwenye mtoto mchanga, anapaswa kulijua hilo kabla ya kutoa fedha, na kwenye tangazo la mauzo hatalikuta.

Kwa mchangiaji wa kwanza, tiketi ya mpira imeandikwa siku na saa, nami najua kwamba baada ya dakika tisini na za nyongeza nitatoka. Mchezo wa mtandaoni huuzwa bila tarehe ya mwisho. Laiti muuzaji angeahidi kwa maandishi kwamba seva zitawashwa angalau hadi mwaka fulani, ningekubaliana nawe papo hapo. Hilo ndilo lililowasukuma watu kuanzisha kampeni ya Stop Killing Games mwaka 2024, baada ya mchezo wa magari wa The Crew kuzimwa, wakidai kwamba mchezo uliouzwa uachwe katika hali ya kuchezeka hata baada ya msaada wa kampuni kukoma; ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni moja mwaka 2025. Na huo mfano wako wa City of Heroes unaonyesha kwamba jambo hilo linawezekana, ila walioutaka mchezo wao walisubiri tangu mwaka 2012 hadi mwaka 2024 kupata ruhusa.

Niongeze jambo dogo kwa wanaotegemea kurudishiwa fedha. Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, kwa kawaida hurudisha fedha za mchezo ulionunuliwa ndani ya siku 14 zilizopita na kuchezwa kwa muda usiofika saa mbili. Kwa mchezo wa mtu mmoja muda huo unaweza kutosha; kwa mchezo wa aina tunayoijadili, nusu yake huisha ukichagua sura ya mhusika, na nusu ya pili ukijifunza mahali pa kubonyeza. Usiutegemee muda huo kama kipimo.

MCHANGIAJI WA TATU

Samahani kwa kuingia na jambo langu binafsi, lakini linahusu mada hii. Natumia toleo la bure la Final Fantasy XIV, nimefika ngazi ya 41, na naufurahia. Rafiki zangu wawili wamelipia na wamekwisha kufika mwisho, nao wananisihi ninunue wiki hii ili tucheze pamoja. Fedha ninazo, ila sina hakika. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje?

MTOA MADA

Ndugu yangu, usilipe wiki hii. Toleo hilo la bure linakufikisha hadi ngazi ya 70, pamoja na matoleo mawili ya mwanzo ya nyongeza, na halina kikomo cha siku, kwa hiyo mbele yako bado kuna hadithi ya miezi kadhaa ambayo hudaiwi chochote. Tena akaunti ikishalipiwa hairudi tena kuwa ya bure. Ukichoka baada ya mwezi mmoja utajikuta nje ya mlango ambao leo upo wazi kwako.

Kuhusu rafiki zako, waambie wao ndio washuke. Mchezo huo unamteremsha mchezaji wa ngazi ya juu hadi ngazi ya pango mnaloingia, nao wakikualika kwenye kikosi chao utaingia hata ukiwa na toleo la bure. Panga nao jioni moja ya wiki hii, mwingie pango la ngazi yako, uone wanavyocheza na mtu asiyejua njia. Wakikusubiri kwenye kila kona hadi ukaisoma hadithi yako bila kuharakishwa, endelea nao hadi ngazi ya 70, kisha ununue siku utakapokuta kwamba hadithi imefika pale toleo la bure linapoishia na bado unaitaka. Wakikimbia mbele wakakuacha nyuma ukitafuta mlango, utakuwa umejua mapema kwamba hata ukilipa utacheza peke yako, na hapo uamuzi utautoa kwa hesabu hiyo.

MCHANGIAJI WA TATU

Nimewaandikia sasa hivi. Mmoja amekubali Ijumaa saa mbili usiku, mwingine bado hajajibu. Nitarudi hapa kusema ilivyokuwa.