Wakuu, mpira unakwenda kulia na mgongo unauma: nisimameje?

Shimo la Kumi: Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 33, ni kedi, yaani mbeba begi la fimbo za wachezaji, kwenye kiwanja kimoja hapa Dar na mwenyewe nacheza gofu. Tangu Julai mipira yangu inakwenda kulia, na nikipiga dreva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, mgongo wa chini unachoma. Mmoja anasema nainama sana, mwingine anasema nimesimama wima mno. Nisimameje? Jumamosi kuna mashindano.

Mbao za Mawe: Wenzako hatuna hela ya luku, wewe unalia mpira umekwenda kulia.

Mzee wa Machame: Mwanangu, marehemu baba alilima kahawa kwa jembe mpaka uzeeni, hakulalamika mgongo. Alikunjia nyongani, mgongo umenyooka kama ubao. Ninyi mnakunjia kiunoni, tena simu mkononi.

Nyonga Kwanza: Mzee kasema kweli. Mkuu, pingili tano za chini za uti wa mgongo zikijumlishwa zinageuka nyuzi chache tu; mzunguko wa swingi, yaani ule mzungusho wa mwili wa kupiga mpira, unatoka nyongani na kifuani. Ukirudisha fimbo nyuma, mabega yanageuka kama nyuzi 90, nyonga kama nusu yake. Nyonga zikikaza, kiuno ndicho kinalipa.

Jipime. Gusisha makalio ukutani, piga swingi bila mpira. Makalio yakiuachia ukuta wakati unashusha fimbo, ujue unainuka mapema. Mikono inakosa pa kupita, uso wa fimbo unafika ukiwa wazi, yaani umegeukia kulia, mpira unakwenda kulia. Inama kutoka nyongani, mikono ining'inie yenyewe, vidole vya mguu wa kushoto vielekee nje kidogo.

Maumivu yanaishia mgongoni?

Shimo la Kumi: Nimejaribu sasa hivi, yanaachia kila mara! Asante sana mkuu. Hayo mengine ni uchovu tu.

Nyonga Kwanza: Sijauliza uchovu. Yanashuka mguuni?

Shimo la Kumi: Yanashuka. Mguu wa kulia una ganzi, ndala inachomoka njiani nagundua nimeshaiacha nyuma. Ila kuna sindano nachomwa duka la dawa, nikichomwa asubuhi namaliza mashimo 18 vizuri. Na kiingilio nimeshalipa. Tiger Woods, bingwa wa gofu, aliumwa mgongo na bado akachukua mashindano makubwa ya Masters 2019.

Nyonga Kwanza: Umeruka katikati. Aprili 2017 Tiger aliunganishwa pingili, na huo ulikuwa upasuaji wake wa nne wa mgongo. Alikaa nje miezi mingi.

Mama Wawili: Mume wangu alikuwa bodaboda, naye kila siku dawa ya maumivu, "kesho nitapumzika". Sasa hivi nakaanga mandazi peke yangu saa kumi alfajiri. Mdogo wangu, una watoto?

Mbao za Mawe: Wadau, hii chai. Kedi gani ana seti ya fimbo na hela ya kiingilio? Mwanzo mgongo, sasa mguu, kesho meno.

Shimo la Kumi: Si chai kaka. Fimbo aliniachia mteja alipohama nchi. Ni mfupi kwangu kwa kichwa kizima, ndiyo maana nainama. Kiingilio wamenichangia makedi wenzangu wanane, kila mmoja katoa alichopata siku hiyo. Nitawaangaliaje nikijitoa?

Mbao za Mawe: Samahani kaka. Sikujua.

Nyonga Kwanza: Basi fimbo fupi zimekukunja miaka yote, na sindano inaficha maumivu huku mshipa wa fahamu unazidi kubanwa. Mguu usiohisi ndala haufai kupiga dreva. Nijibu bila aibu: haja ndogo unaihisi na kuizuia kama kawaida? Ikibadilika, au ganzi ikifika sehemu za siri, hospitali usiku huohuo.

Shimo la Kumi: Hiyo iko sawa. Nikipiga swingi nusu tu Jumamosi?

Mama Wawili: Mdogo wangu!

Nyonga Kwanza: Hapana. Wenzako wanajua habari ya ndala?

Shimo la Kumi: Hawajui.

Shimo la Kumi: Nimewaambia. Walinyamaza kidogo, halafu mkubwa wetu akasema ataomba nafasi apewe dogo mmoja anayepiga vizuri. Mmoja atanisindikiza hospitali asubuhi. Jumamosi nitambebea dogo begi.

Nyonga Kwanza: Begi pia usibebe.