Kufuli mlangoni

Kikundi: UKOO WETU
Jumatatu

[12:52 asubuhi] Zuhura: Shikamooni wakubwa. Samahani kwa kuwaamsha. Nimefika kazini hotelini nimekuta kufuli mlangoni na karatasi imebandikwa kwenye kioo: "Tumefunga. Tunawashukuru wateja wetu kwa miaka yote." Basi. Sisi wafanyakazi hatumo hata kwa neno moja.

[12:53] Zuhura: Tuko kumi na moja hapa nje. Visu vya mpishi mkuu viko ndani. Vyake mwenyewe, kavinunua kimoja kimoja.

[12:58] Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Mbona sielewi? Jana si ulikuwa zamu ya usiku?

[12:59] Zuhura: Ndiyo shangazi. Nimetoka saa tano. Nimefuta meza, nimepandisha viti, meneja akaniambia "kesho usichelewe". Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kesho usichelewe!

[1:02] Baraka: Pole sana dada. Umempigia?

[1:03] Zuhura: Hapatikani. Na kile kikundi chetu cha zamu tumetolewa wote usiku wa manane, mmoja baada ya mwingine. Nimeamka nikaona nimeondolewa, nikadhani amebonyeza vibaya.

[1:05] Bibi: Pole mjukuu wangu. Usisimame hapo na njaa.

[1:11] Mama Salma: Ngojeni. Zuhura, ni hoteli hiyo hiyo niliyolipia ukumbi wa mahafali ya Salma?

[1:12] Zuhura: Ndiyo mamdogo. Hiyo hiyo.

[1:12] Mama Salma: Nimelipa nusu nzima! Alhamisi! Watu arobaini nimeshawaalika kwa Jumamosi. Yaani wamepokea pesa yangu, wamenipa risiti, na wanajua wanafunga?

[1:14] Zuhura: Mimi ndiye niliyekuandikia kwenye daftari mamdogo. Naapa sikujua.

[1:15] Mama Salma: Najua mwanangu, sikulaumu wewe. Nimechanganyikiwa tu.

[1:31] Shangazi Rehema: Haya, nisikilizeni. Miaka niliyokaa ofisi ya kazi kesi za namna hii nimezipokea nyingi, na mara nyingi watu walipoteza haki zao katika siku tatu za mwanzo, wakiwa bado wanalia. Zuhura, kabla hamjatawanyika hapo, piga picha karatasi hiyo na kufuli, tarehe ionekane. Andika majina na namba za wote, hata wa zamu ya jioni ambao hawajafika. Kila mtu aandike leo, kwa mkono wake, siku alizofanya kazi mwezi huu, saa za ziada, na likizo aliyokuwa anadai. Kesho mtakuwa mmesahau nusu.

[1:33] Shangazi Rehema: Meseji zote za meneja kuhusu zamu zihifadhiwe. Mmeondolewa kikundini, lakini yaliyoandikwa kabla bado yako kwenye simu zenu. Huo ni ushahidi kwamba mlikuwa kazini. Wengine hapo najua hawana mkataba wa maandishi, na hao ndio watakaozihitaji kuliko wote.

[1:34] Shangazi Rehema: Na msisaini kitu! Akitokea mtu na bahasha yenye kijisehemu cha mshahara na karatasi inayosema "nimelipwa haki zangu zote", mwambieni mnaipeleka kusomwa kwanza.

[1:36] Baraka: Shangazi, wakisema wamefilisika si ndiyo basi tena?

[1:44] Shangazi Rehema: Kufunga mlango na kufilisika ni vitu viwili tofauti. Kampuni inaweza kufunga mlango na bado ikawepo kwenye vitabu, na madeni yake yapo pale pale. Kwa hiyo swali la kwanza: hati ya mshahara inataja jina gani? Jina la kwenye bango la nje huwa si jina la kampuni inayowaajiri. Ikiwa kweli imefilisika, atateuliwa mfilisi, yaani mtu wa kukusanya mali ya kampuni na kuwagawia wanaoidai, nanyi mtapeleka madai yenu kwake kwa maandishi kabla ya tarehe atakayotangaza. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema mwajiri akifilisika wafanyakazi ni wadai wenye kipaumbele kwa mishahara waliyokwisha kuifanyia kazi. Nchi nyingi zimeuridhia. Kiasi na mpangilio hutofautiana kwa sheria za kila nchi, lakini hampangi foleni nyuma ya muuza mboga.

[1:46] Zuhura: Na michango yetu ya pensheni? Inakatwa kila mwezi.

[1:47] Shangazi Rehema: Hiyo ukaulize leo leo kwenye mfuko. Kukatwa si kupelekwa. Mwajiri akianza kuishiwa, fedha hiyo ndiyo huwa ya kwanza kuguswa, kwa sababu mfanyakazi haioni.

[1:49] Mama Salma: Na mimi je?

[1:51] Shangazi Rehema: Ulilipa taslimu au kwa kadi?

[1:51] Mama Salma: Kadi.

[1:52] Shangazi Rehema: Afadhali. Wapigie benki sasa hivi, waambie umelipia huduma ambayo haitatolewa, unaomba muamala urudishwe. Watumie risiti na picha ya Zuhura. Kuna muda maalumu wa kulalamika, usiupoteze. Ungelipa taslimu ungekuwa mdai wa kawaida, na wadai wa kawaida hupata makombo, tena wakipata.

[3:20] Baraka: Nimekuwa nasoma habari za wengine. Hata wakubwa wanafanya hivi. Mei 2019 kampuni ya migahawa ya Jamie Oliver, yule mpishi maarufu wa televisheni kule Uingereza, iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, na migahawa 22 kati ya 25 ikafungwa papo hapo. Kazi kama 1,000 zikapotea. Marekani kuna sheria ya mwaka 1988 inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 100 au zaidi atoe notisi ya siku 60 kabla ya kufunga. Sasa sehemu kama ya Zuhura, watu ishirini, ingekuwa nje ya sheria hiyo kabisa. Na hata huyo mkubwa ameachiwa upenyo: kama alikuwa anahangaika kutafuta mtaji na anaamini notisi ingewakimbiza wenye fedha, anaruhusiwa kutoa notisi ya siku pungufu ya hizo 60.

[3:26] Zuhura: Yaani hata sheria inakubali kwamba tukiambiwa ukweli tutaharibu.

[3:31] Zuhura: Nikikumbuka, dalili zilikuwepo. Vitu vya jikoni vilianza kununuliwa vya siku moja moja. Jokofu kubwa lilikufa, halikutengenezwa. Mshahara wa mwezi jana ulikuja vipande viwili. Kila kimoja tulikitafutia sababu. Na mwezi uliopita niliitwa kazi sehemu nyingine nikakataa, maana meneja alisema nyongeza inakuja.

[5:08] Mjomba Idi: Nimewasoma tangu asubuhi nikashindwa kuandika. Mnajua niliwahi kuwa na mgahawa. Jinsi nilivyoufunga hamjui. Nilijua kwa wiki sita kwamba mambo yameisha. Kodi ya miezi mitatu, mwenye gesi ananidai, benki inanidai. Kila asubuhi nasema leo nitawaambia vijana. Nikiwaza wenye bidhaa wakisikia, watataka pesa mkononi kesho yake. Wapishi wazuri wataondoka kwanza. Wateja wakinusa hawarudi. Na kulikuwa na mtu ameahidi kununua nusu ya biashara, nikawa namngojea yeye. Hakuja. Nikawaambia usiku wa mwisho, wamesimama na aproni zao. Watu saba.

[5:09] Mjomba Idi: Mmoja, mpishi wangu wa asubuhi, alikuwa amechukua mkopo wiki ile. Barua ya kumthibitishia benki kwamba ana kazi niliisaini mimi.

[5:17] Zuhura: Uliisaini unajua, mjomba?

[5:18] Mjomba Idi: Nilijua.

[5:40] Shangazi Rehema: Kaka, hukuwahi kuniambia.

[5:41] Mjomba Idi: Niliona aibu.

[6:02] Zuhura: Mjomba, sijui niseme nini, na wewe ni mkubwa wangu. Kufunga nakuelewa. Biashara hufa. Lakini wiki sita! Mimi ningepewa hata wiki mbili ningekubali ile kazi niliyoitiwa. Mpishi angebeba visu vyake. Mamdogo asingelipa. Tungefanya kazi mpaka siku ya mwisho, wengi wetu tunapapenda pale. Hakuna aliyetuuliza.

[6:05] Mjomba Idi: Ni kweli mwanangu. Yote uliyosema. Na hofu yangu haikuokoa hata siku moja ya ule mgahawa.

[6:14] Mjomba Idi: Acha nikusaidie hili la visu. Mwenye jengo huwa anabaki na ufunguo, na pengine kufuli ni lake kwa sababu ya kodi. Mpishi wenu asifanye hasira kuvunja mlango, atageuziwa kesi. Aandike orodha ya vitu vyake, visu vingapi, alama gani, nami nitakwenda naye. Najua watu hao wanavyozungumza.

[6:20] Zuhura: Asante mjomba. Nimemwambia, anasema saa tatu kesho.

[6:47] Mama Salma: Benki wamepokea malalamiko, wamenipa namba. Sherehe tutaifanyia uani kwa Bibi, Jumamosi hiyo hiyo. Zuhura, wale wenzako wa jikoni wanaweza kuja kupika? Nitawalipa, tena kabla hawajawasha jiko.

[6:49] Bibi: Uani kwangu panatosha. Viti tutaazima.

[6:55] Zuhura: Nitawauliza, mamdogo. Orodha imefika majina kumi na tisa. Kesho baada ya visu tunakwenda wote ofisi ya kazi, shangazi atatutangulia. Amebaki binti mmoja wa kuosha vyombo, simu yake imezimwa na hakuna anayejua anapoishi. Huyo atakuja kesho alfajiri kama kawaida. Nitakwenda kumngojea mlangoni.

[7:30] Mjomba Idi: Nimempigia yule mpishi wangu. Hajapokea. Nitampigia tena.